Alama ya Mkono: Sanamu za Leo na Vyombo vya Nyumbani

Mhadhara uliotolewa jijini Dar es Salaam mbele ya walimu, wanafunzi, wafanyakazi wa makumbusho na mafundi. Umechapwa kama ulivyosomwa.

Ndugu Mwenyekiti, walimu wangu, wenzetu wa makumbusho, mafundi wa Mwenge mliofunga vibanda mapema ili muwahi, akina mama wasusi mliotoka Temeke na Kigamboni, wanafunzi wa sanaa, mabibi na mabwana. Nawashukuru waandaaji kwa kuniita, na nawashukuru zaidi kwa kuwaita mafundi. Mihadhara mingi kuhusu ufundi hufanyika bila fundi hata mmoja ukumbini. Leo nikieleza jinsi ukili unavyosukwa, wapo wa kunisahihisha hapa hapa, na hilo linanipa moyo.

Madhumuni yangu ni mamoja. Nataka kutetea rai kwamba sanamu zinazotengenezwa siku hizi kwa vyombo vya kila siku, yaani madumu, vifuniko vya chupa, sahani, mikeka, mabati, na hata mitutu ya bunduki, huhifadhi kumbukumbu pale tu msanii anapouheshimu ufundi: ufundi wa aliyekitengeneza chombo, wa aliyekitumia, na wa kwake mwenyewe. Ufundi ukiondoka, kinachobaki ni taka zilizopangwa vizuri ukutani.

Kabla sijaingia kwenye hoja, niseme jambo moja kuhusu asili. Wanafunzi wetu hufundishwa kwamba mambo haya ya kuchukua chombo cha kawaida na kukiita sanaa yalianzia New York mwaka 1917, Marcel Duchamp alipopeleka chombo cha kukojolea kwenye maonyesho. Sina ugomvi na Duchamp. Alikuwa na jambo lake na watu wake. Lakini nendeni Kunduchi, hapa hapa jijini. Nendeni Kaole, karibu na Bagamoyo. Vukeni mpaka mwende Gedi na Mambrui. Mtakuta makaburi ya mawe ya matumbawe na chokaa, mengine yana nguzo ndefu, na kwenye kuta zake wajenzi walipachika bakuli na sahani za kaure zilizovuka bahari kutoka Uchina. Vilikuwa vyombo vya kulia na kupakulia. Huko Lamu na Pate, vyombo vya namna ile ile vilipangwa kwenye zidaka za ukutani ili mgeni aingiapo avione. Mtu alipokufa, wenzake waliona inafaa chombo cha mezani kikae kaburini pake, kitazame nje, kiwake jua likichomoza.

Sahani nyingi zimekwisha kung'olewa. Penye sahani pamebaki shimo la duara, na chokaa bado imeshika umbo lake. Mimi nikisimama mbele ya mashimo yale huwa najiambia kwamba suala tunaloliita jipya, la chombo kubeba habari za mtu, wazee wa pwani walilishughulikia karne nyingi zilizopita, tena kwa mikono ya waashi ambao majina yao hatunayo. Hilo la majina nitalirudia.

Hoja ya kwanza: chombo kimeshaandikwa kabla msanii hajakigusa

Chukueni mbuzi ya kukunia nazi. Ile ya nyumbani kwetu ilikuwa ya bibi, mama yake mama. Ubao wa kukalia umebonyea upande mmoja kuliko mwingine, kwa sababu bibi alikuwa akiketi ubavu, miguu yote miwili upande wa kushoto. Meno ya chuma ya katikati yamelika, ya pembeni bado makali. Pale ulimi ulipopigiliwa kwenye ubao, mafuta ya nazi yameingia ndani ya mti mpaka pamekuwa peusi. Hakuna aliyekusudia kuandika chochote pale. Hata hivyo, mtu makini akiitazama kwa utulivu ataweza kusema mwenyewe alikuwa akikaaje, alisukuma kifuu upande gani, na kwamba nyumba ile haikuwa na uhaba wa nazi.

Sasa msanii anapochukua kitu kama hicho, kazi yake ya kwanza ni kusoma. Nawapa mfano kutoka kwa jirani zetu wa ng'ambo ya Ruvuma.

Msumbiji ilipata uhuru mwaka 1975, na kuanzia 1977 hadi 1992 watu wake walipigana wenyewe kwa wenyewe. Inakadiriwa kwamba watu wapatao milioni moja walipoteza maisha. Amani ilipotiwa saini Roma mwezi Oktoba 1992, bunduki zilibaki vijijini, zimefichwa majumbani na kufukiwa ardhini. Kwa watu wa vijiji vingi, bunduki ndiyo iliyokuwa kitu cha kila siku, na jembe zima ndilo lililokuwa adimu. Mwaka 1995 Baraza la Makanisa la nchi hiyo, Askofu Dinis Sengulane akiwa mstari wa mbele, likaanzisha mpango wa kubadilishana: ukileta silaha, unapewa jembe, cherehani, baiskeli au vifaa vya ujenzi. Silaha zilikatwa zisiweze kutumika tena, na vipande vikapelekwa kwa wasanii wa Maputo.

Mwaka 2001 mmoja wao, Cristóvão Canhavato, anayejulikana zaidi kwa jina la Kester, aliunganisha vipande hivyo akapata kiti. Leo kiti hicho kipo British Museum, London. Egemeo lake lina bunduki za G3 za Kireno, zile za enzi ya mkoloni. Mikono ni ya AK47 za Kisovieti. Sehemu ya kukalia imetokana na bunduki za Poland na Chekoslovakia, na mguu mmoja wa mbele ni mtutu uliotengenezwa Korea Kaskazini. Hakuna hata kipande kimoja kilichoundwa Afrika. Somo zima la historia ya Vita Baridi limo katika kiti ambacho mtu angeweza kukikalia.

Lakini ninachotaka mkione hasa kiko juu kabisa ya egemeo. Pale kuna vitako viwili vya bunduki, na ukivitazama unaona nyuso mbili: macho mawili, mdomo, kama zinatabasamu. Kester hakuzichonga. Macho ni matundu ya skrubu. Mdomo ni ile nafasi iliyokuwa ikipitishwa mkanda wa kubebea. Angeweza kuyaziba matundu yale, au kuyapaka rangi, au kuvigeuza vitako vitazame nyuma. Aliyaacha jinsi yalivyo. Mkanda uliopita pale ulining'inia begani kwa mtu, na huenda mtu huyo alikuwa mtoto, maana vita ile iliwabebesha watoto wengi silaha. Kwa kuacha tundu wazi, Kester ameliachia bega lile nafasi yake. Huo ndio usomaji ninaousema.

Hoja ya pili: kumbukumbu imo katika namna ya kutengeneza

Hapa ndipo nitakapokaa muda mrefu zaidi, na naomba Mwenyekiti anivumilie.

El Anatsui alizaliwa Anyako, Ghana, mwaka 1944. Baba yake na ndugu zake wa kiume walikuwa wafumaji wa kente, kente ya Waewe, inayofumwa vitambaa vyembamba virefu ambavyo baadaye hushonwa ubavu kwa ubavu mpaka vikawa shuka pana. Akina mama mliopo, hamhitaji kuelezwa zaidi. Ukindu hukaushwa, hutiwa rangi, huchanwa, husukwa ukili mrefu, na ukili hushonwa ukawa mkeka. Aliyekulia katika nyumba ya kazi kama hiyo anajua kwamba kitu kikubwa hutokana na kitu chembamba, na kwamba mshono ni sehemu ya urembo.

Anatsui hakuwa mfumaji. Alisoma sanaa Kumasi, na mwaka 1975 akaenda kufundisha Chuo Kikuu cha Nigeria kilichopo Nsukka, akaishi huko kwa miongo. Mwanzoni alitumia sinia za mbao ambazo wauzaji wa sokoni hupangia bidhaa, akazichoma alama kwa chuma cha moto. Akafinyanga vyungu vya kuvunjikavunjika. Akakusanya mabati yaliyotobolewa ya kukwaruzia muhogo, yaliyoshika kutu, akayaunga yakawa ukuta. Mnaona jinsi alivyozunguka sokoni na jikoni kwa miaka mingi. Hakuamka siku moja akabahatisha.

Mwaka 1998 aliokota, porini karibu na Nsukka, mfuko uliojaa vifuniko vya chupa za pombe kali. Aliuweka karakanani kwa miezi kabla hajajua la kufanya. Kifuniko cha chupa ya namna hiyo kina kofia ya juu na ukosi unaobana shingo ya chupa. Kofia ikipondwa, inakuwa duara. Ukosi ukifunguliwa, unakuwa utepe. Utepe ukikunjwa, unakuwa kipande chembamba cha mstatili, na ukisokotwa unapata umbo jingine kabisa. Kila kipande hutobolewa, kisha hufungwa kwa jirani yake kwa waya mwembamba wa shaba. Nyekundu ya kampuni moja, njano ya nyingine, fedha ya upande wa ndani. Majina ya vinywaji bado yanasomeka ukisogea karibu. Ukirudi nyuma hatua kumi unaona shuka la kifalme limeanguka kutoka ukutani na kukunjamana sakafuni.

Kwa nini vifuniko vya pombe? Kwa sababu pombe kali ilikuwa miongoni mwa bidhaa ambazo Wazungu walizileta pwani ya Afrika ya Magharibi wakabadilishana na dhahabu, pembe, na watu. Watu hao walivushwa Atlantiki wakalime miwa, miwa ikatoa ramu, na ramu ikarudi pwani kununua watu wengine. Kifuniko kilichotupwa nyuma ya baa ya Nsukka ni kipande cha mwisho cha mnyororo huo. Msanii mwingine angekiweka kifuniko kimoja ndani ya kabati la kioo na kuandika maelezo marefu pembeni. Anatsui na vijana wa mji ule waliomsaidia walifunga maelfu kwa maelfu, kwa mkono, kipande hadi kipande. Mwendo wenyewe wa kazi ndio uliokuwa wa baba yake: chembamba kwa chembamba, mpaka kikatosha kumfunika mtu. Mwaka 2007 alifunika uso wa jumba zima la Fortuny mjini Venice. Mwaka 2015, katika maonyesho makubwa ya sanaa ya mji huo huo, alipewa tuzo ya Simba wa Dhahabu kwa kazi ya maisha yake. Mwaka 2023 mapazia yake yalining'inizwa katika ukumbi mkubwa wa Tate Modern, London. Mafundi wa Mwenge, nawaambia haya ili mjue kwamba kazi ya mkono inayochukua muda mrefu haijapitwa na wakati popote duniani.

Niwaongezee mmoja wa kwetu zaidi. Magdalene Odundo alizaliwa Nairobi mwaka 1950. Alikwenda Uingereza kusoma, na mwaka 1974 akafika kituo cha ufinyanzi cha Abuja, Nigeria, ambako Ladi Kwali alikuwa akifinyanga mitungi mikubwa kwa kuizunguka mwenyewe badala ya kuizungusha kwenye gurudumu. Odundo naye hatumii gurudumu. Hupandisha udongo kwa mikono, hupaka udongo laini wa maji, husugua uso wote mpaka ung'ae, kisha huchoma. Moto ukipata hewa ya kutosha, chungu hutoka chekundu cha kuiva. Akikichoma tena hewa ikiwa imebanwa, moshi huingia ndani ya udongo kikawa cheusi. Hakuna rangi ya dukani. Vyungu vyake vina shingo, tumbo na kiuno. Havichotewi maji, ila mama yeyote wa Kikisi anayefinyanga kando ya Ziwa Nyasa na kupeleka vyungu vyake mnadani Matema angevitambua kuwa ni ndugu wa vyake. Ndiyo maana navithamini. Havihitaji maelezo ukutani ili kumkumbusha mtu nyumbani.

Wapo wengine ambao muda hauniruhusu kuwatendea haki. Naomi Wanjiku Gakunga, Mkenya anayeishi Texas, huacha mabati yapigwe na maji mpaka yatoe rangi zake za kutu, kisha huyakata na kuyafuma. Anawakumbuka wanawake wa Kenya waliojiunga vikundi vya mabati baada ya uhuru ili kila mmoja aezekewe nyumba kwa zamu. Cyrus Kabiru wa Nairobi, anayejulikana kwa miwani yake ya vyuma chakavu, amefanyia kazi pia baiskeli za Black Mamba, zile ambazo bodaboda zimeziondoa barabarani.

Nimeona pia maonyesho ambako kila kitu kimefanywa kwa vitu vilivyookotwa na hakuna kilichobaki moyoni. Makopo yamegundishwa, ndala zimepangwa, maelezo yanataja urithi mara nyingi, lakini mtengenezaji hakuuliza ndala ilivaliwa na nani wala haikumgharimu chochote kuigundisha. Kwangu hiyo ni kazi ambayo bado haijaanza.

Hoja ya tatu: vyombo husema pale ambapo nyaraka zimenyamaza

Lubaina Himid alizaliwa Unguja mwaka 1954. Baba yake, mtu wa Komoro, alifariki yeye akiwa mchanga, na mama yake Mwingereza akarudi naye kwao. Mwaka 2017 akawa mwanamke wa kwanza mweusi kupata Tuzo ya Turner, tuzo kubwa ya sanaa ya Uingereza. Ningependa kila mwanafunzi wa sanaa Zanzibar alijue jina hili.

Mwaka 2007 Uingereza iliadhimisha miaka 200 tangu Bunge lake lipige marufuku biashara ya watumwa. Himid alialikwa kufanya kazi Lancaster, mji wa kaskazini ambao katika karne ya 18 ulikuwa bandari ya nne nchini humo kwa biashara hiyo. Hakujenga mnara. Alikusanya vyombo vya mezani vya mitumba, sahani, majagi, bakuli za supu zenye mifuniko, vipande vipatavyo 100, akavichora juu. Katika sahani hii kuna mtumishi mweusi aliyevalishwa vizuri, anatutazama. Katika ile kuna bwana wa mjini mwenye wigi, anatapika. Kwingine kuna meli, kwingine majumba ya mji. Na maua ya kiwandani yaliyokuwa kwenye sahani tangu awali hakuyafuta yote. Yanachungulia kando ya nyuso. Aliviandaa mezani katika nyumba ya zamani ya waungwana, kana kwamba chakula kinasubiriwa.

Fikirini uamuzi huo. Daftari za wafanyabiashara wa Lancaster zinataja magunia, mapipa na vichwa vya watu kwa idadi. Nani aliosha sahani baada ya karamu, daftari halisemi. Lakini sahani iliguswa na mikono yote miwili, ya aliyekula na ya aliyeosha. Himid ameurudisha uso wa pili mahali ulipokuwapo siku zote, chini ya chakula.

Mfano wa pili unatoka Benin. Romuald Hazoumè, aliyezaliwa Porto-Novo mwaka 1962, hutumia madumu ya plastiki. Kwao madumu hayo hubeba petroli ya magendo kutoka Nigeria, yakiwa yamefungwa kwa makumi kwenye pikipiki moja. Wafanyabiashara huyapasha moto yatanuke ili yabebe zaidi, na yakitanuka sana hupasuka, na mwendesha pikipiki akiwa juu yake. Dumu likikatwa, mdomo wake unakuwa mdomo wa mtu na mshikio unakuwa pua. Hazoumè alipanga vinyago 304 vya namna hiyo sakafuni, kwa mpangilio wa mchoro maarufu wa mwaka 1789 wa meli ya watumwa iitwayo Brookes, ule ulioonyesha watu walivyolazwa safu safu. Akauita kwa jina la mlango wa mto wa Benin ambako watu walipakiwa merikebuni, La Bouche du Roi. Kuna sauti ndani yake, za watu wanaotaja majina kwa lugha zao.

Ninyi nyote mmebeba dumu la maji. Mnajua mshikio unavyokata vidole. Ndiyo maana kazi hii haihitaji mkalimani kati yetu na Porto-Novo: mwili unaelewa kabla ya akili. Na inauliza swali kali kuhusu leo. Yule kijana wa pikipiki yuko huru kisheria, lakini amebeba mzigo ambao unaweza kumuua kwa faida ya mwingine.

Hapa kwetu tunayo kazi moja inayofanana na hizo kwa kiasi. Mkunazini, Unguja, kando ya kanisa lililojengwa palipokuwa na soko la watumwa, kuna sanamu ndani ya shimo zilizotengenezwa na msanii Clara Sörnäs mwaka 1998. Sanamu ni mpya, lakini minyororo iliyo shingoni ni ya enzi zile. Wageni hupiga picha nyuso. Ningewaomba wanafunzi wetu waanze kwa kutazama chuma.

Hoja ya nne: urithi una majina

Mafundi, hoja hii ni yenu.

Lebo nyingi za makumbusho, kwetu na Ulaya, zikieleza kikapu au kinu hutaja kabila, mahali, na pengine mwaka kilipochukuliwa. Aliyekisuka hatajwi. Hakuwa "kabila". Alikuwa mtu, alikuwa na mwalimu wake, alikuwa na mtindo wake wa kumalizia ukingo ambao majirani waliutambua kwa mbali. Aliyekusanya kikapu hakuona sababu ya kuuliza. Sisi tuliorithi makumbusho hayo tumekuwa na zaidi ya miaka 60 ya kuuliza, na mara nyingi tumeendelea kutouliza.

Uganda inatuonyesha njia nyingine. Mwaka 2022, nchi hiyo iliposhiriki maonyesho hayo ya Venice kwa mara ya kwanza ikiwa na banda lake, ilipeleka wasanii wawili, Acaye Kerunen na Collin Sekajugo, na banda lao likapewa sifa maalumu na majaji. Kerunen huchukua mikeka, vikapu na misuko ya ukindu, migomba na matete iliyotengenezwa na wanawake wa sehemu mbalimbali za nchi, huifumua, kisha huishona upya ikawa kazi kubwa za kuning'inia. Hafichi kwamba kazi hizo zimepita mikononi mwa wengi. Mzee wao Sanaa Gateja amefanya vivyo hivyo kwa muda mrefu kwa shanga za karatasi zilizokwisha kutumika, ambazo wanawake huzikunja na yeye huzipanga juu ya nguo ya gome la mti.

Nguo hiyo ya gome, ambayo ufundi wake UNESCO iliutambua mwaka 2005, inastahili neno. Gome la mti wa mutuba huchunwa wakati wa mvua, hupigwa kwa nyundo za mti zenye mifuo mpaka litanuke na kulainika, na shina lililochunwa hufungwa majani ya mgomba ili lisikauke. Mti haufi, huota gome jingine. Anayejua kufunga yale majani ndiye anayejua ufundi wenyewe, na maarifa hayo hayamo ndani ya nguo iliyotundikwa ukutani. Makumbusho yakihifadhi nguo bila kumhifadhi huyo, yamehifadhi nusu.

Kuna pingamizi ambalo nimelisikia mara nyingi, na naona Mzee pale anatikisa kichwa, pengine ndilo analolifikiria. Watu husema: sanaa hizi zinanunuliwa Ulaya na Marekani, zinakaa kwenye majumba ya huko, sisi tunazisoma vitabuni, kumbukumbu ni yetu, ghala ni lao. Ni kweli, na inaumiza. Kiti cha Kester kiko British Museum, London, na kazi ya Hazoumè ilinunuliwa na makumbusho yale yale. Sikubali, hata hivyo, kwamba kosa ni la msanii aliyeuza ili ale na kusomesha watoto. Kosa ni la taasisi zetu zilizokuwa na nafasi ya kununua mapema, bei ilipokuwa ndogo, zikaona kifuniko cha chupa ni takataka.

Yaliyo mbele yetu

Sikuja na malalamiko tu. Yapo mambo yanayowezekana, na hayahitaji fedha nyingi.

Tangu mwaka 1966 tunacho Kijiji cha Makumbusho hapa Dar es Salaam, chenye nyumba za jadi za makabila mbalimbali. Napendekeza kila chombo kinachoingizwa humo kuanzia sasa kiandikiwe jina la aliyekitengeneza, aliyekitumia, na kilivyotumika, na panapokuwa na ufa au kiraka, kiraka hicho kielezwe. Napendekeza vyuo vyetu vya sanaa, na nakitaja cha Bagamoyo kwa heshima, vimpe msusi wa ukili na mfinyanzi wa Kikisi saa za kufundisha zenye malipo sawa na ya mwalimu mwenye shahada. Mwanafunzi atakayekaa muhula mzima akisuka ukili kabla ya kuruhusiwa kuutumia katika sanamu yake atatengeneza sanamu tofauti, na nina imani itakuwa bora. Kwa wasanii vijana, ombi langu ni kwamba kabla hujakikata chombo, mtafute mwenyewe umuulize.

Wafanyakazi wa makumbusho wameweka daftari juu ya meza pale mlangoni. Kabla hujatoka, tafadhali andika jina la fundi mmoja unayemfahamu, kazi anayoifanya, kijiji au mtaa anakoishi, na nani aliyemfundisha. Kama yuko hapa ukumbini, mwite aandike mwenyewe.